Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: Watetezi wa wanyama mbele ya sheria

Haya ni maneno ya hotuba iliyotolewa Bunia mbele ya familia za wakimbizi wa ndani, viongozi wa kambi, mashefu na vijana. Tunayachapa karibu kama yalivyosemwa. Mwishoni kuna maswali ambayo vikundi vyenu vinaweza kuyajadili.

Wazee wetu, mama zetu, mashefu, viongozi wa kambi, na ninyi vijana, hamjambo. Nawashukuru kwa kukubali kuketi nami. Wengi wenu mmetoka Djugu, wengine Irumu, wengine Mambasa. Najua kwamba kabla ya kufika hapa mlikuwa kwenye foleni ya maji.

Nilipokuwa ninaingia, mama mmoja alinishika mkono akaniuliza: "Baba, watoto wangu wanalala chini ya turubai. Wewe umekuja kutuambia habari za wanyama?" Ni swali la haki, na sitalikwepa.

Mama, nimekuja kuzungumza juu ya watu. Kuna watu wanaosema: tembo huyu asiuawe, okapi huyu asiuawe, mtoto huyu wa sokwe asifungwe kwenye tundu na kuuzwa. Watu hao wanatishwa, wanapigwa, wanakamatwa, na wengine wanauawa. Kuna watu wengine wanaokamatwa kwa kushtakiwa kwamba wameua mnyama au wameingia hifadhini. Hao mara nyingi ni maskini, na kesi yao huisha kabla hawajaelewa walichoshtakiwa. Wote wawili, yule anayemtetea mnyama na yule anayeshtakiwa kwa mnyama, wanapita katika mlango uleule: polisi, parke, hakimu, kasho. Ni mlango huohuo atakaopitia mtoto wako siku atakapokamatwa njiani kwa sababu hana kadi. Kama mlango huo umeharibika kwa mmoja, umeharibika kwa wote.

Kilichotokea Epulu

Nianze na jambo la nyumbani kwetu Ituri, maana baadhi yenu mlikuwa karibu.

Hifadhi ya Okapi ilianzishwa mwaka 1992 katika msitu wa Ituri. Mwaka 1996 UNESCO iliiweka katika orodha ya urithi wa dunia. Mwaka uliofuata ikawekwa katika orodha ya urithi ulio hatarini kwa sababu ya vita. Okapi ni mnyama wa Kongo. Porini haishi katika nchi nyingine yoyote, na ndiye nembo ya ICCN. Pale Epulu palikuwa na kituo ambapo okapi 14 walitunzwa, na watu wa nchi nyingi walikuja kuwaona.

Asubuhi ya tarehe 24 Juni 2012, Mai-Mai Simba waliokuwa chini ya Paul Sadala, aliyejulikana kama Morgan, walivamia Epulu. Waliua watu, na kati yao walikuwa askari wa hifadhi wawili. Walichoma majengo, wakapora nyumba, wakachukua watu mateka, na wanawake wakatendewa mabaya ambayo sitayaeleza mbele ya watoto. Okapi 13 waliuawa kwa risasi siku hiyo. Wa 14 alijeruhiwa, naye akafa baadaye.

Kwa nini okapi? Hawakuwaua kwa ajili ya nyama. Askari wa hifadhi walikuwa wamewasumbua wawindaji wa tembo na wachimbaji wa dhahabu ndani ya msitu, na shambulio lile lilikuwa kisasi. Wanyama waliuawa ili kuwaumiza watu waliowatunza. Nawaomba mkumbuke jambo hilo: mtu anayesimama kati ya mnyama na biashara ya bunduki hujiweka mwenyewe mbele ya bunduki.

Na sheria ilifanya nini? Kwa karibu miaka miwili Morgan aliendelea kutembea katika msitu wa Mambasa, akichoma na kubaka. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliandika katika ripoti zao kwamba alikuwa na washirika katika biashara ya pembe za ndovu na dhahabu, hata miongoni mwa maafisa wa jeshi. Mnamo Aprili 2014 alijitoa. Siku chache baadaye alipigwa risasi, akafa akiwa mikononi mwa jeshi.

Najua kuna waliofurahi. Siwalaumu waliopoteza watoto wao. Lakini fikirini kidogo. Mtu aliyekufa hasimami mbele ya hakimu. Hasemi nani alimpa risasi, nani alinunua pembe, nani alipokea dhahabu. Wajane wa Epulu walikuwa na haki ya kusikia majina hayo yakisemwa mahakamani, naye aliyeyajua aliingia kaburini nayo.

Waliokataa kunyamaza

Mtaniuliza: hawa watetezi wa wanyama ni akina nani? Je, ni wazungu wenye kamera? Hapana. Wengi ni Wakongo kama ninyi.

Corneille Ewango ni Mkongo, mtaalamu wa mimea. Alifanya kazi Epulu wakati wa vita, kati ya mwaka 1996 na 2002. Wakubwa wengi walipokimbia, yeye alibaki. Alificha vifaa na makusanyo ya mimea yasiporwe. Alipinga ujangili na uchimbaji uliofanywa na wenye silaha ndani ya hifadhi, na kwa sababu hiyo alitafutwa, ikabidi ajifiche porini. Mwaka 2005 alipewa tuzo ya Goldman, tuzo kubwa ya watetezi wa mazingira duniani. Sifa zilikuja baadaye. Wakati wa hatari hakuwa na polisi wala hakimu wa kumkimbilia, alikuwa na msitu tu.

Rodrigue Katembo alikuwa mkuu wa sehemu moja katika hifadhi ya Virunga, kule Kivu Kaskazini. Kampuni moja ya mafuta ilitaka kufanya kazi ndani ya hifadhi, naye akasema sheria hairuhusu. Mnamo Septemba 2013 alikamatwa. Alikaa kizuizini siku 17, na alipigwa. Ndugu zangu, huyu alikuwa mtumishi wa serikali, amevaa sare ya serikali, akitekeleza sheria ya serikali. Hata hivyo, mkono wa serikali ndio uliomkamata. Mwaka 2017 naye alipewa tuzo ya Goldman. Na katika hifadhi hiyohiyo ya Virunga, askari wa hifadhi zaidi ya 200 wamekwisha kuuawa kazini tangu ilipoanzishwa mwaka 1925.

Sasa tuchukue mfano mdogo wa hapa karibu. Ni mfano tu, simsemi mtu. Kijana wa kambini anafanya kibarua cha kubeba mizigo kwa mfanyabiashara mmoja. Ndani ya uzio anaona mtoto wa sokwe amefungwa, anangoja mnunuzi. Kijana anajua kwamba ili kumpata mtoto wa sokwe, mara nyingi lazima mama yake auawe kwanza. Anapiga picha, anaituma kwenye simu za wenzake. Kesho yake anaitwa polisi. Anaambiwa amechafua jina la mtu, amesambaza habari za uongo. Mfanyabiashara ana ndugu mwenye cheo. Hakuna anayemwuliza mfanyabiashara habari za sokwe. Kijana analala kasho.

Hapo mzani umegeuka juu chini. Aliyeonyesha kosa amekuwa mkosaji, na mwenye kosa amekuwa mlalamikaji. Kama kijana huyo ni mkimbizi, hana ndugu mjini, hana fedha, hana wa kumpelekea chakula, nani atamsemea?

Upande wa pili wa mzani

Lakini nisiseme upande mmoja tu. Mzani una sahani mbili.

Kule Kivu Kusini kuna hifadhi ya Kahuzi-Biega. Wabatwa waliishi katika msitu ule tangu babu zao. Katika miaka ya 1970 hifadhi ilipopanuliwa waliondolewa, na wengi hawakupewa ardhi nyingine. Mwaka 2018 baadhi yao walirudi msituni. Kukawa na mapigano na askari wa hifadhi, na watu wakafa. Mnamo Februari 2020, chifu wa Wabatwa Jean-Marie Kasula na wenzake saba walipelekwa mbele ya mahakama ya kijeshi huko Bukavu. Kesi ilisikilizwa siku moja tu. Wengine walipewa kifungo cha miaka 15.

Siku moja! Ukienda kudai mbuzi wako aliyepotea kwa mzee wa kijiji, mtaketi siku mbili. Mwaka 2024 ilitangazwa hukumu ya Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu, ikisema kwamba nchi yetu ilivunja haki za Wabatwa wa Kahuzi-Biega.

Sisemi kwamba sokwe wakubwa wa Kahuzi wasilindwe. Walindwe, tena sana. Nasema kwamba mnyama halindwi kwa kumnyima binadamu hakimu. Mbuti wa Mambasa na mkimbizi aliyeingia msituni kwa njaa wanajua jambo hili. Katika Hifadhi ya Okapi, wenyeji wanaruhusiwa kuwinda kwa njia za asili katika maeneo yaliyopangwa, ila si wanyama waliokatazwa. Mbuti mwenye wavu wake hawezi kuwekwa kapu moja na mtu mwenye bunduki ya vita anayemwua tembo na kuuza pembe nje. Lakini mara ngapi mwenye wavu ndiye anayekamatwa, na mwenye bunduki anapita barabarani na mzigo wake mchana?

Waswahili wanasema: mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Hata kama humpendi, hata kama unaamini amekosa, haki yake mpe.

Si kwetu peke yetu

Msifikiri kwamba shida hii ni ya Kongo tu.

Paul Watson ni mzee mwenye asili ya Kanada, amepinga uwindaji wa nyangumi baharini kwa miaka mingi. Nyangumi ni mnyama wa bahari, mkubwa kuliko tembo. Mnamo Julai 2024 alikamatwa Greenland, kwa hati ya kukamatwa iliyotolewa na Japani. Alikaa gerezani karibu miezi mitano, hadi Desemba, ndipo Denmark ilipokataa kumpeleka Japani na kumwachia. Wengine wanamwona shujaa, wengine wanasema alivuka mpaka. Lakini alikuwa na mawakili, familia yake ilijua yuko wapi, na kila mara muda wa kizuizi ulipokwisha alirudishwa mbele ya hakimu. Hayo ndiyo tunayoyadai na sisi.

Kuna fundisho jingine. Huko Uingereza, kikundi cha watu kilipinga kampuni iliyofanya majaribio ya dawa juu ya wanyama. Wengine katika kikundi hicho walianza kuwatisha wafanyakazi wa kampuni na watu waliofanya nayo biashara, hata nyumbani kwao. Mwaka 2009 watu saba walihukumiwa vifungo vya kati ya miaka 4 na 11. Marekani nako, mwaka 2006, ilipitishwa sheria kali inayowaita watu wa namna hiyo magaidi. Wanasheria wengi waliilaumu, wakisema inaweza kumtia hofu hata mtu anayeandamana kwa amani.

Kwa hiyo kuna mambo mawili. Mtetezi akitumia vitisho, anaharibu neno lake mwenyewe, na sheria ina haki ya kumshika. Lakini serikali nayo isimwite kila msema kweli gaidi. Ninyi mnajua jambo hilo vizuri. Wangapi kati yenu mmeitwa waasi kwa sababu tu ya kijiji mlichotoka?

Sheria yetu inasema nini

Watu wengi hufikiri sheria ni ya wakubwa. Katiba yetu ya tarehe 18 Februari 2006 ni ya kila mtu aliyeketi hapa. Nitataja vifungu vichache. Mwenye kalamu aandike.

Kifungu cha 53 kinasema kila mtu ana haki ya kuishi katika mazingira mazuri, na ana wajibu wa kuyatetea. Neno ni wajibu. Kwa hiyo kijana aliyesema juu ya sokwe alitimiza kazi ambayo Katiba imempa. Tena kuna sheria ya tarehe 11 Februari 2014 juu ya uhifadhi wa asili, inayokataza kuua, kukamata na kuuza wanyama waliolindwa.

Kifungu cha 17 kinasema kosa la jinai ni la mtu mmoja mmoja. Hakuna anayeweza kukamatwa au kuhukumiwa kwa tendo la mwingine. Mama hawezi kufungwa badala ya mwanawe. Kifungu hicho pia kinasema mtu huhesabiwa kuwa hana hatia mpaka hukumu ya mwisho itolewe.

Kifungu cha 18 kinasema anayekamatwa aambiwe mara moja sababu ya kukamatwa, kwa lugha anayoielewa. Ana haki ya kuwasiliana mara moja na familia yake au wakili wake. Asikae mikononi mwa polisi zaidi ya saa 48. Saa hizo zikiisha, aachiwe au apelekwe mbele ya mamlaka ya sheria.

Kifungu cha 61 ni cha muhimu sana kwetu Ituri. Tangu tarehe 6 Mei 2021 mkoa wetu uliwekwa chini ya hali ya dharura ya kijeshi, na kesi za jinai za raia zikapewa mahakama za kijeshi. Mwaka 2023 Rais alitangaza kwamba hatua hizo zingelegezwa pole kwa pole. Lakini sikilizeni: kifungu cha 61 kinasema hata katika hali kama hiyo kuna haki ambazo haziguswi. Haki ya kuishi. Katazo la mateso. Haki ya kujitetea. Haki ya kukata rufaa. Hakuna afisa anayeweza kukuambia kwamba kwa sababu ya hali ya dharura huna haki ya wakili.

Mwisho, kuna sheria ya tarehe 15 Juni 2023 juu ya ulinzi na wajibu wa mtetezi wa haki za binadamu. Baadhi ya watetezi waliilalamikia kwa masharti inayowabebesha. Hata hivyo inakubali wazi kwamba mtetezi ni mtu wa kulindwa. Itumieni.

Mtu wenu akikamatwa

Sasa niseme mambo ya kufanya, maana hotuba bila kazi ni upepo.

Kwanza, andikeni. Siku gani, saa ngapi, mahali gani, nani aliyemkamata, alivaa sare gani, alimpeleka wapi. Saa 48 zinahesabiwa tangu saa hiyo. Asiyeandika saa hawezi kudai saa.

Pili, mtu wa familia aende haraka pamoja na kiongozi wa kambi. Msiende kundi kubwa lenye kelele. Waende wawili au watatu, kwa heshima, waulize: anashtakiwa nini? Faili lake liko wapi? Atapelekwa mahakama gani, ya kiraia au ya kijeshi?

Tatu, mwangalie afya yake. Kama amepigwa, ombeni aonwe na daktari, na karatasi ya daktari itunzwe vizuri.

Nne, msitoe fedha gizani. Dhamana ya kweli ina karatasi na risiti. Anayekuambia "leta kidogo tumalize" anakufundisha kwamba haki inauzwa, na kesho bei itapanda.

Tano, tafuteni wakili. Chama cha mawakili kina kawaida ya kutoa ushauri wa bure kwa wasio na uwezo, kwa hiyo ulizeni. Ofisi ya haki za binadamu ya Umoja wa Mataifa, Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu, na vyama vya raia vya hapa Bunia, wote wanaweza kupokea habari. Pelekeni mahali zaidi ya pamoja.

Nanyi vijana mnaopenda kusema ukweli, semeni kwa akili. Msirushe picha hovyo kwenye simu. Pelekeni ushahidi kwa watu mnaowaamini, wawili au watatu, wanaojua njia. Semeni mlichoona kwa macho, msiongeze mlichosikia. Msitaje kabila. Ukisema "watu wa kabila fulani wanauza sokwe", umeacha kumtetea mnyama na umewasha moto kati ya watu.

Neno kwa mashefu na viongozi

Wazee wangu, hapa Ituri hatuhitaji kufundishwa kwamba mnyama anaweza kuleta vita. Mara ngapi ng'ombe wameibwa usiku, na asubuhi kijiji kizima kikahesabiwa kuwa wezi? Ng'ombe kumi wanachukuliwa, kesho yake watu ishirini wanazikwa, na waliozikwa hawakuwa hata malishoni. Tungeshika kile kifungu cha 17, kwamba kosa ni la mtu mmoja mmoja, wengi wa watu wetu wasingekuwa chini ya turubai leo.

Kwa hiyo nawaomba mambo matatu.

Mtu akiletwa kwenu kwa kosa la mnyama, awe mwizi wa ng'ombe, awe mwindaji, msimkabidhi kwa vijana wenye silaha. Andikeni jina lake, mpelekeni kwa wenye sheria, na mfuate faili lake. Msiruhusu apigwe mbele ya nyumba ya shefu.

Mtu akija kwenu kwa siri kusema ameona pembe au mtoto wa sokwe, lindeni jina lake. Jina la msema kweli likitoka mdomoni mwenu jioni, usiku anaweza kuwa amekwisha.

Na pale askari wa hifadhi na wakimbizi wanapogombana juu ya kuni na nyama, msingoje damu. Waiteni wote wawili waketi. Askari wa hifadhi naye ana mke na watoto, na mara nyingi hajalipwa. Mkimbizi naye ana njaa ya kweli. Wapiganapo tembo, nyasi huumia. Lakini hapa wanaopigana ni nyasi na nyasi, na tembo wenyewe, wenye fedha na bunduki, wako mbali wanangoja mzigo.

Kumjibu mama

Nimalize kwa kumjibu mama yangu aliyeniuliza mlangoni.

Mama, mtoto wako ni zaidi ya okapi. Hakuna anayebisha. Lakini waliowaua okapi wa Epulu ndio walioua watoto wa Epulu, asubuhi ileile, kwa bunduki zilezile. Na sheria ambayo haikuwafikia kwa ajili ya watu haikuwafikia kwa ajili ya wanyama pia. Siku sheria itakapoweza kumshika mwuza pembe mwenye cheo, na kumwachia kijana maskini aliyesema kweli, na kumsikiliza Mbuti kwa subira kabla ya kumhukumu, siku hiyo itaweza kumshika na yule aliyechoma nyumba yako. Ni sheria moja. Haiwezi kulala kwa mmoja ikaamka kwa mwingine.

Nataka urudi kwako, Mama. Nataka ukifika ukute ng'ombe malishoni, msitu umesimama, na mlinzi wa msitu anakusalimu bila kukuogopa na bila wewe kumwogopa. Ili hayo yatokee, tuanze hapa kambini. Wa kwanza atakayekamatwa bila haki, awe wa kabila lako au la jirani, tuandike saa, twende wawili, tuulize faili liko wapi.

Asanteni sana. Mungu awabariki, awarudishe makwenu kwa amani.

Maswali ya kujadili katika vikundi

1. Je, katika kambi yetu au kijiji chetu kuna mtu aliyekamatwa kwa sababu ya kusema kweli? Tulifanya nini? Tungeweza kufanya nini zaidi?

2. Mnyama akiibwa au akiuawa, tunamtafuta mkosaji mmoja au tunalaumu kabila? Ni nani kati yetu anayeweza kuwatuliza watu saa hiyo?

3. Tuna orodha ya watu wa kuwaendea mtu anapokamatwa? Ni nani atakayeandika saa?

4. Kati yetu na askari wa hifadhi kuna ugomvi gani? Nani anaweza kuziita pande zote mbili ziketi pamoja?